Hivi mtu wa kuja akihamia Masasi anakuwa mwenyeji lini?

Mnyaki_wa_Spea

Wakuu kwema? Naomba niulize kitu na mnijibu kwa ustaarabu maana najua humu kuna watu wakali.

Mimi kwetu Tukuyu ila nipo Masasi mwaka wa sita sasa, nina duka la spea za pikipiki na baiskeli. Nilikuja na begi moja, Mungu kasaidia, nimejenga vyumba vitatu, mtoto wa mwisho kazaliwa hapa hapa. Kiswahili tunaongea kimoja, kanisani naenda, mtaani kila mtu namsalimia. Lakini bado mimi ni "yule wa kuja". Juzi tulikuwa na kikao cha mtaa kuhusu mtaro unaomwaga maji barabarani, nikasimama nikatoa wazo langu, mzee mmoja wala hakuwa na hasira, kwa upole kabisa akasema "haya tumsikilize na mgeni wetu". Watu wakacheka kidogo. Miaka sita jamani bado ni mgeni wetu! Nikakaa chini hata nilichotaka kusema kuhusu ule mtaro kikanipotea.

Sasa swali langu liko hivi, watu wa makabila na asili tofauti wanaunganaje mpaka wanakuwa kitu kimoja? Maana hapa Masasi naona Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wamwera, wote wamechanganyika huwezi kujua huyu nani yule nani, na wenyewe kwa wenyewe sijasikia wakiitana wageni. Wao waliwezaje? Ni muda tu? Ni kuoana? Ni dini? Au kuna kitu mtu anatakiwa afanye ambacho mimi sijaambiwa?

Na isiwe majibu ya "rudi kwenu" tafadhali, kwetu nako siku hizi nikienda naitwa "yule wa Masasi".

Nyongeza: sijawahi kugombana na mtu. Misiba nachangia, mchango ukipita tu natuma kwa simu fasta.

---

Korosho_Ghafi

Nunua shamba la korosho mkuu. Siku utakayokaa na sisi kulalamikia bei ya mnada na malipo kuchelewa ndo siku utakayokuwa mwenyeji, hakuna njia nyingine.

---

Mzee wa Mwembeni

Kijana wa Tukuyu, nimecheka na huyo mzee mwenzangu wa mtaro. Lakini ngoja nikwambie kitu ambacho hata vijana wengi wa hapa hawakijui, Masasi yenyewe ilikuzwa na watu wa kuja.

Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waanglikana, ile tuliyozoea kuiita UMCA, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha huko Nyasa ambako wengi walitekwa. Wakapanda kutoka Lindi kwa miguu, walipofika hapa kwenye haya majabali wakaona maji yapo, ardhi ipo, wamechoka, wakakaa. Sasa fikiria hao watu, makabila mchanganyiko, wengine walichukuliwa wadogo hata kwao hawapakumbuki vizuri, kinachowaunganisha ni Kiswahili walichojifunza Unguja na ile shida waliyopita. Wakawakuta Wamakua na Wayao ambao nao wazee wao walishavuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa hapa "kwenu wapi" na ukamrudisha nyuma babu wa nne wa tano, wengi tutavuka mto.

Halafu 1882 wakaja Wangoni, wakati ule wakiitwa Magwangwara, wakaivamia misheni, wakaua, wakateka watu, misheni ikabidi ijihamishie Newala kwa muda. Hao hao Wangoni leo ni nani kwetu? Watani! Mama yangu alipofariki alikuja Mngoni mmoja, fundi cherehani, akajilaza mlangoni kwa urefu wake wote akasema maiti haitoki mpaka alipwe kuku, tena jogoo, kwa sababu marehemu alikufa na deni la babu yake. Watu wanalia huku wanacheka. Dada yangu alikuwa hajatoa sauti tangu asubuhi, akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akalia sawasawa. Jogoo tulimpa. Watu waliouana wakageuza vita yao kuwa deni la kuku, mimi kwangu huo ndio muungano, na hakuna serikali iliyokuja kuupigia semina.

Kitu cha mwisho ni jando. Wamisheni wa sehemu nyingine walilipiga vita. Hapa kwetu padri Lucas, ambaye baadaye mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, yeye alikaa na wazee akaliingiza jando kanisani, sala zikawekwa, mambo mengine yakaachwa. Wengine wanamsifu wengine wanasema aliharibu. Ila mtoto wa Kikristo hakulazimika kuchagua awe wa kanisa au awe wa wenzake. Vijana waliokaa kambi moja hata awe Mmakua huyu Myao yule wanabaki kuitana kwa jina la kambi ile mpaka uzee. Mimi rafiki yangu wa kambi ni Mwislamu wa Kiyao, mwaka huu tumezeeka wote anakuja kuniazima miwani.

---

Asaimenti_Hadi_Asubuhi

Naomba niongezee kidogo upande wa vitabu maana hii mada ndo tunaisoma chuoni sasa hivi.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Gordon Allport, mwaka 1954 aliandika kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakutoshi, wanaweza wakakutana kila siku sokoni na wakaendelea kuchukiana. Alisema kukutana kunasaidia kama kuna mambo manne: mkiwa pale muwe na hadhi sawa, muwe na lengo moja, mlifanye kwa kushirikiana sio kushindana, na wakubwa au sheria au mila ziunge mkono. Sasa angalia mteja na mwenye duka, hadhi sawa hakuna, lengo moja hakuna, wewe unataka bei ipande yeye anataka ishuke. Unaweza ukauza spea miaka 20 na bado ukawa mgeni.

Mwingine ni John Berry wa Kanada, yeye anasema mtu aliyehamia ana maswali mawili, je nashika ya kwetu? je najichanganya na wenyeji? Ukijibu ndio kwa yote mawili umeungana nao. Ukiacha ya kwenu ukachukua ya kwao yote umemezwa. Ukishika ya kwenu na ukajitenga umebaki kisiwa. Na ukipoteza yote mawili hapo ndo balaa. Ila anasema pia haimtegemei mgeni peke yake, wenyeji nao wakikunyima nafasi hata ujipendekeze vipi hufiki.

Na nchi nazo zina njia zao. Kanada mwaka 1971 serikali ilitangaza kwamba ni nchi ya tamaduni nyingi, 1988 wakaitungia sheria kabisa, yaani kila mtu ashike yake na wote ni Wakanada. Ufaransa wao kinyume, serikali haitaki kujua asili yako, wewe ni raia basi. Sisi Tanzania tuko katikati, sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967, baada ya hapo hatuulizwi, ila mtaani jina lako tu likitajwa watu wameshakupeleka kijijini kwenu.

---

Korosho_Ghafi

@Asaimenti_Hadi_Asubuhi umemaliza wino wote kutuambia muuza duka sio ndugu. Hilo hata bibi yangu anajua na hakusoma.

---

Asaimenti_Hadi_Asubuhi

Bibi yako angeandika tungemsoma yeye kaka.

---

BiSomo

Mwanangu Mnyaki mimi ni mama mtu mzima, nipo Ndanda, nimecheza wali, wale wasichana wa unyago, wengi kuliko umri wa duka lako, nitakwambia ukweli na usinune.

Umeandika mwenyewe, "misiba nachangia, natuma kwa simu fasta". Ndo hapo hapo. Hela yako inafika, hatukatai, katibu anaandika kwenye daftari namba kumi na saba, Mnyaki wa spea, elfu kumi, halafu daftari linafungwa na wewe unafungwa humo humo ndani. Msiba wa huku ni mkeka. Ni kukaa pale hata huna la kusema, unamenya muhogo, unapokea ndoo kichwani kwa mtu, unasikia nani anaumwa, nani kaachika, nani mwanae kafaulu. Wanaume wanashika sululu. Sasa wewe sululu yako iko dukani inauzwa!

Na tena unatuma fasta, yaani unaondoa deni mapema usidaiwe. Sisi huku hatuishi hivyo. Mimi binti wa jirani yangu Mmwera alipotoka unyago nilimtuza doti mbili za kanga na ndoo ya mchele, na iliandikwa, usidhani haiandikwi. Nikakaa miaka mitatu. Mwanangu alipotoka yule mama akaja na doti tatu na ndoo na kuku juu, sasa mimi tena ndo nadaiwa. Hiyo haitakiwi iishe, ikiisha undugu umeisha. Wewe kila kitu unalipa taslimu unaondoka, tutakufahamu saa ngapi?

Na nikuulize, mkeo yuko wapi kwenye hii habari? Huku kwetu ukoo ni wa mama, mjomba ndo msemaji lakini wanaomwambia aseme nini ni wanawake. Mkeo ameshawahi kuja kwenye ngoma? Ana somo, yule mama wa kumfunda? Anakwenda kuazima chumvi? Na wale vijana wawili watatu wa dukani kwako ni wa wapi, niambie ukweli.

---

Mnyaki_wa_Spea

Bi Somo shikamoo. Mama umenikamata.

Vijana wa dukani wote wawili nimewatoa nyumbani Tukuyu. Sikuwa na nia mbaya, mmoja ni mtoto wa shangazi yangu mwingine wa jirani yetu, nilijua wakiiba najua pa kuwapata. Na mtoto mkubwa nimempeleka kusoma Mbeya kwa bibi yake. Mke wangu tumeokoka mama, ngoma haendi, anaogopa, ameambiwa mambo ya unyago ni ya kipagani na yanawaharibu watoto wa shule. Na zaidi ya hapo kuna kipindi cha mwanzo walimcheka matamshi yake sokoni akakata shauri kununua kila kitu kwa mtu mmoja tu anayemjua, naye ni wa Mbeya.

Nikiandika hivi najiona kabisa nimejenga ukuta mwenyewe.

---

BiSomo

Marahaba. Basi umeshajijibu nusu.

Hilo la unyago hakuna atakayemlazimisha mtu kuingiza mtoto wake. Na ni kweli kuna wanaowacheza watoto wadogo mno, au wanawatoa shule, mimi mwenyewe napigana nao kila mwaka, nimewaambia subirini likizo na subirini mtoto akue. Ya ndani siwezi kuyasema hapa, mwiko. Lakini siku ya kutoka ni sherehe ya nje, watu wanakula pilau, padri anakuja, shehe anakuja. Mkeo aje na kanga moja tu, atuze, akae dakika kumi aondoke na wokovu wake salama salimini.

---

Mjukuu wa Rutamba

Hii mada imenigusa acha niandike ingawa ni ndefu.

Mimi ni Mmakonde lakini sio wa Newala, bibi yangu alivuka kutoka Msumbiji miaka ya sitini wakati vita ya ukombozi imeanza 1964, wakapewa mashamba Rutamba huku Lindi, kambi ya wakimbizi. Huku walituita Wamawia. Unajua ni ajabu, lugha karibu ni moja, jina la kabila moja, mto tu ndo umepita katikati lakini Wamakonde wa huku walikuwa wanatuona kama watu wa porini. Bibi alikuwa na chale uso mzima na ndonya kwenye mdomo wa juu. Kwao ilikuwa ndo uzuri wenyewe, mwanamke bila ndonya nani atamuoa. Alipofika Lindi mjini mara ya kwanza kuuza mihogo watoto walimfuata nyuma wanaimba. Baada ya hapo alitoa ndonya, likabaki tundu, na kila akienda mjini alishika ncha ya kanga akaziba mdomo. Mpaka anakufa mkono wake ulikuwa unakwenda mdomoni wenyewe akicheka, hata tukiwa ndani sisi kwa sisi.

1975 Msumbiji ikapata uhuru wengi wakarudi. Babu alishapanda mikorosho na minazi akasema siwezi kuondoka na miti kichwani. Mama yangu akaolewa na Mmwera. Mimi shuleni niliandikwa Mtanzania, naongea Kiswahili cha Lindi, hakuna mtu ameniita Mmawia tangu nimezaliwa isipokuwa kwa utani.

Kwa hiyo ndio, tumeungana, Rutamba leo hutajua nani mkimbizi nani mwenyeji. Lakini mnaposema "kuungana" naomba mkumbuke na ule mkono wa bibi. Ndugu yangu aliyeandika habari za kumezwa hapo juu, mimi nadhani sisi tulimezwa nusu. Nyimbo nazijua mbili tu. Siku hizi watalii wananunua vinyago vya Kimakonde vyenye ndonya kwa hela nyingi Dar, na mwenye ndonya halisi aliziba mdomo miaka arobaini.

Mkuu wa Tukuyu usije ukaacha Kinyakyusa chako nyumbani, wafundishe watoto. Jichanganye ila usizibe mdomo.

---

Ng'ombe_Hawana_Breki

Nawasoma tu tangu asubuhi. Naona mnazungumzia mikeka na kanga, sisi wengine hata mkeka tulikalia lakini bado.

Mimi Msukuma, nilikuwa mtoto wakati wazazi walipoondolewa Usangu kule Mbeya 2006 kwenda 2007, serikali ikasema mifugo iende Lindi na Pwani. Tukaja mpaka Liwale. Wenyeji wa huku ng'ombe walikuwa wanamuona kwenye buku la shule maana ndorobo walikuwa hawaruhusu mtu kufuga, hata sisi ndorobo walitumalizia ng'ombe wengi mwanzoni. Wao ni watu wa shamba, hawana uzio, ufuta wako uko wazi tu unaangalia njia. Sisi ni watu wa kutembea. Sasa hapo uanze kuniambia habari za tamaduni kuheshimiana!

Kuna siku ng'ombe wetu kumi na mbili waliingia kwenye ufuta wa mzee mmoja usiku, ufuta ulikuwa umebakiza wiki mbili kukatwa. Asubuhi tumefika pale, yule mzee hakupiga kelele, alikuwa amechuchumaa anaokota vikonyo kimoja kimoja anaviweka kwenye kikapu kama vile vitasaidia kitu. Mimi picha hiyo haijanitoka mpaka leo. Baba alilipa. Lakini msimu mzima hatukusalimiana na ule upande wa kijiji, na wiki hiyo hiyo vijana wao walimkata ndama wetu mguu, ndama hakuwa hata kwenye lile kundi.

Kilichosaidia sio kuoana wala dini. Ni mkutano wa kijiji kukaa, kupanga matumizi bora ya ardhi, hapa malisho hapa mashamba hapa njia ya kwenda majini, na alama zikawekwa. Ardhi ya kijiji kwa sheria ya mwaka 1999 ni mkutano mkuu wa kijiji ndo unaamua, na siku hiyo baba aliruhusiwa kusimama akasema, na aliposema haikuwa "tumsikilize mgeni", jina lake lilikuwa kwenye daftari la wakazi. Baada ya mipaka ndo maziwa yakaanza kununuliwa, ndo jembe la ng'ombe likaanza kukodiwa, ndo mdogo wangu akaanza kuongea Kingindo kuliko Kisukuma. Lakini vijiji ambavyo mipaka haijakaa sawa bado ni fimbo na mapanga, msidanganyane.

Kwa hiyo mimi nasema kwanza ardhi na haki vikae sawa, mapenzi yatajileta yenyewe. Mnyaki wewe una bahati, spea hazili ufuta wa mtu.

---

Mzee wa Mwembeni

@Ng'ombe_Hawana_Breki hapo nakuunga mkono mjukuu wangu. Hata hao Wangoni tulianza kutaniana baada ya vita kwisha, katikati ya vita hakuna utani.

---

BintiMikindani

Na mimi wa pwani nitie neno. Mikindani yetu ni mji wa zamani, Livingstone alipita hapa 1866 na akaukuta mji upo, Waarabu, Wamakonde, Wahindi wa dukani, Waswahili, majahazi ya kila mahali. Damu zimechanganyika mpaka kwenye familia yetu kuna nywele za aina nne. Nikahi moja inamaliza maneno, Mwarabu akioa Mmakonde mtoto ni wa Mikindani basi.

Ila Wahindi wa Lindi na Mikindani walikuwa habari nyingine na nawataja kwa sababu ya hoja ya duka. Baba yangu anasema kuna mzee wa Kihindi alikuwa anaongea Kimakonde kizuri kuliko watoto wa siku hizi, anajua matusi yote, anakopesha kijiji kizima kwenye njaa na anasubiri msimu, watu walimpenda. Lakini kuoana hapana, kula pamoja hapana, msikiti wao na makaburi yao mbali. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba makubwa ya kupangisha, wengi waliondoka, na baba anasema yule mzee alipofunga duka watu walisimama barabarani wanaangalia, wengine walilia, lakini hakuna aliyekwenda kumshika mkono aseme mzee usiondoke hapa ni kwako. Miaka zaidi ya hamsini pale! Kwa hiyo Bi Somo, na kukopeshana peke yake nako hakutoshi mama yangu. Yule mzee alikopesha ila hakuwahi kukopa kwa mtu. Deni lilikuwa linakwenda upande mmoja tu.

Halafu Mnyaki usichukulie sana neno "wa kuja". Huku kusini watu tulikatika na nchi muda mrefu, mvua ikinyesha Rufiji hapapitiki, daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 tu. Kwa hiyo waliokuwa wanafika walikuwa maofisa na wafanyabiashara, wamekuja kuchukua kitu au kuamuru kitu halafu wanahamishwa. Ile 2013 fujo za bomba la gesi hapa Mtwara wengi walisema maneno mabaya kuhusu watu wa bara, nyuma ya yale maneno kulikuwa na hiyo historia. Mzee wa mtaro pengine alikuwa anasubiri tu kuona na wewe utahamishwa lini.

---

BiSomo

@BintiMikindani umesema kweli. Nakubali. Iende na irudi.

---

Mnyaki_wa_Spea

Wakuu narudi na mrejesho, najua imepita kama wiki tatu.

Juzi Alhamisi jirani wa nyumba ya tatu alifiwa na baba yake. Waislamu, kwa hiyo kifo alfajiri kuzika baada ya adhuhuri. Nikafunga duka saa tatu asubuhi, nikachukua sululu mbili mpya stoo na chepe, nikaenda. Nilipofika makaburini wakanyamaza kidogo. Nikasema poleni, nipeni zamu. Mzee mmoja akanitazama viatu akasema vua, hivyo vya kanisani.

Kuchimba nilidhani najua. Ile ya juu nikaenda vizuri, tulipofika kwenye mwanandani, lile shimo la ndani la kumlaza maiti, ndo nikaonekana sijui kitu, nikachimba upande ambao sio, kijana mmoja akapiga kelele "we Mnyakyusa unazika mtu au unapanda mgomba?" kaburi zima likacheka na mimi nikacheka. Mikono ilitoka malengelenge matatu. Baadaye nilikaa mkekani mpaka magharibi, sikuwa na la kusema kama Bi Somo alivyosema, nikasikiliza. Nimejua kwamba mzee wa mtaro ni shemeji wa marehemu na ana mguu unamsumbua miaka miwili. Nimejua kwanini mtaro haujengwi pia, kuna mgogoro wa kiwanja wa mwaka juzi ambao mimi wazo langu lilikuwa linaukanyaga katikati bila kujua!

Mke wangu alikwenda siku ya pili na sufuria la makande. Hakurudi mpaka jioni, na amerudi na kanga ya mtu, ameazimwa kwa sababu ya kwake ilimwagikiwa mchuzi. Anasema ataifua airudishe, nikamwambia usiifue haraka.

Kijana wa dukani wa kwetu mmoja anarudi Tukuyu mwezi ujao kuoa, nafasi yake nimempa mjukuu wa yule shemeji. Sijui atakuwaje, anachelewa kidogo asubuhi.

Ila nisiwadanganye, pale pale makaburini wakati wa kugawa maji ya kunawa kuna mtu alisema "mpeni kwanza mgeni". Kwa hiyo bado.

Na kuna jambo jingine naomba ushauri. Leo asubuhi yule kijana wa "unapanda mgomba" kaja dukani, kachukua cheni na sproketi zake, akasema "kaka utaniandika", akawasha pikipiki akaondoka. Hakusema lini, hakusema bei, hata jina lake la pili silijui, nimemwandika "Mgomba". Kwa kawaida mimi sikopeshi. Sasa huyu namdai lini?

---

Korosho_Ghafi

Msimu wa korosho mkuu. Na wewe kakope kitu kwao kabla haujafika.

---

BiSomo

Wakope sululu. Zako si umeziacha msibani?

---

Mnyaki_wa_Spea

Aisee. Ni kweli sijazichukua.